Dakika Arobaini Kwenda, Hamsini Kurudi

Mume wangu alichelewa harusi yetu kwa saa moja na nusu. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa mtaani wanaoniona mimi ndiye mkosaji katika habari hii, na ningependa wajue mambo yalianzia wapi. Nilikaa pale mbele ya watu nimepambwa, shangazi ananipepea, kaka zangu wanaulizana kwa macho nani aende kumleta kwa ukosi wa shati. Bwana harusi akaingia anatabasamu, akasema alikuwa anatafuta soksi. Nikamtazama miguuni. Hakuwa amevaa soksi.

Hakuwa na kiburi, msimfikirie vibaya. Alikuwa mtu anayeamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba wakati utamsubiri, kama rafiki aliyeahidi kumpitia. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa baba yake yuko njiani. Wa pili vivyo hivyo. Kwa wa tatu nikamwambia uchungu umeanza siku moja kabla haujaanza, ndipo tukaingia hospitali pamoja kama watu.

Basi mtu huyo huyo akapata kazi kwenye kiwanja cha ndege.

Msiwazie kiwanja kikubwa. Chetu kina chumba kimoja chenye mabenchi sita, mizani ya kupimia mizigo, meza moja, na simu nyeusi ya mezani. Nyuma kuna stoo ya mizigo isiyo na dirisha. Ndege ni moja, ya pangaboi mbili na viti kumi na tisa. Asubuhi inaruka kwenda kiwanja kingine mfano wa hiki, kilomita mia mbili na sitini kutoka hapa, kisha inarudi. Basi. Mume wangu aliajiriwa kuwa karani wa taarifa. Kazi yake ni kukaa mezani, kuandika ndege imetoka saa ngapi na imerudi saa ngapi, na kujibu simu za watu wanaouliza ni mbali kiasi gani na ndege inachukua muda gani.

Miezi mitatu ya kwanza alipokea barua mbili za onyo kwa kuchelewa kazini. Ya tatu ingekuwa ya kwaheri. Watoto watatu, mmoja bado ananyonya. Nilifanya nini? Nilipanda stuli.

Sebuleni kwetu kuna saa ya ukutani ya kutia ufunguo, ina mlango wa kioo, na kabla ya kugonga hukohoa kidogo. Mume wangu aliachiwa na marehemu baba yake. Kila asubuhi husimama mbele yake ameunganisha visigino, akarekebisha saa yake ya mkono kwa kuifuata ile, na akifika kazini hurekebisha ya kiwanja kwa kuifuata ya mkononi. Hakubali nyingine. Redio ikitoa mlio wa saa kamili anatikisa kichwa, anasema sauti inatoka mbali, lazima ichelewe njiani. Simu za mkononi ndiyo kabisa. Anasema zinachukua saa yao hewani, na hewani kuna upepo.

"Saa ya baba haijawahi kusema uongo," husema.

Kuitia ufunguo ni kazi yangu, maana bega lake la kulia halipandi zaidi ya sikio tangu alipoanguka akiwa mdogo. Kwa hiyo Jumapili moja, yeye yuko bafuni anaimba, nilifungua kile kioo nikausogeza mshale mkubwa mbele. Dakika tano tu. Sikuiba kitu cha mtu. Nilijiambia nitairudisha akishazoea kazi.

Sikuirudisha kwa miaka kumi na tisa.

Lakini mngemwona alivyobadilika! Wiki ya kwanza alifika kazini mapema kwa dakika moja, akashangaa mlango umefungwa. Wiki ya pili akawa yeye ndiye mwenye ufunguo. Mwezi haujaisha akaanza kuwasema wanaochelewa. Hakuna binadamu anayekera kama mchelewaji aliyeokoka. Aliwasema mafundi, aliwasema wabeba mizigo, na aliwasema marubani kuliko wote, maana kila siku ya Mungu rubani alifika saa moja na nusu kamili asubuhi, na kila siku mume wangu alimwonyesha saa: saa moja na dakika thelathini na tano. Marubani walibishana naye miaka miwili, mitatu, kisha wakamwachia. Mmoja alimjibu, "Sawa mzee, samahani," kila asubuhi mpaka akastaafu. Watu wakampa mume wangu jina la Dakika, na hilo ndilo jina lake mpaka leo. Hata mama yake alimwita hivyo.

Jina lile lilimnyoosha mgongo. Alianza kupiga pasi hadi leso. Simu ikilia hakusema "halo" kama watu wengine, aliisubiri iite mara mbili, akakohoa kama ile saa ya baba yake, kisha: "Kiwanja cha ndege, karani wa taarifa anazungumza." Aliulizwa swali lile lile mara ishirini kwa siku, na mara zote ishirini alijibu kana kwamba ameulizwa na rais.

Na jibu lake lilikuwa hili. Kilomita mia mbili na sitini. Kwenda, dakika arobaini. Kurudi, dakika hamsini.

Mnaona mambo yalivyo? Mimi sikuona. Nilikuwa nasikia jibu hilo kila siku nikipita kumpelekea chakula cha mchana, na sikuona kitu. Hata aliyeliandika kwenye ubao mkubwa kwa rangi nyeupe, ukatundikwa juu ya meza, alikuwa Dakika mwenyewe, na mimi ndiye niliyemshikia kopo la rangi.

Alikuwa amepima, msidhani aliokota. Ndege ikiruka, anatazama saa, anaandika, anapiga simu kiwanja cha pili: "Imetoka." Ndege ikitua kule, mwanamke wa kule anapiga: "Imefika, saa mbili na dakika arobaini na tano." Anatoa, anapata arobaini. Wakati wa kurudi mwanamke anapiga: "Imetoka, saa tatu na nusu." Dakika anaisubiri hapa, anatazama saa yake: saa nne na dakika ishirini. Hamsini. Siku zote. Alimpa yule mwanamke jina la Mama Imefika, na kwa miaka kumi na tisa walisikilizana sauti mara nne kwa siku bila kuonana hata kwa picha.

Kuhusu zile dakika kumi zaidi za kurudi, alikuwa na maelezo. Mji wetu uko juu kidogo ya ule mwingine. "Kwenda ni mteremko," aliwaambia abiria. "Kurudi ndege inapanda." Na watu walikubali! Si hivyo tu, walianza kuhisi. Mke wa muuza nyama alisema akirudi masikio yanaziba zaidi. Fundi viatu alisema kurudi kunamuuma mgongo. Kuna waliobeba maji ya kunywa kwa safari ya kurudi tu, kwa sababu ni ndefu.

Aliyeharibu starehe yote hiyo ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Alikuja na ramani ya shule iliyokunjwa, na rula, akaweka vyote mezani kwa Dakika.

"Umbali wa kwenda ni kilomita ngapi?" akauliza.

"Mia mbili na sitini, mwalimu."

"Na kurudi?"

"Mia mbili na sitini."

"Ndege ni ile ile?"

"Ile ile."

"Sasa hizo dakika kumi, nani anazila?"

"Zinaliwa na kilima, mwalimu," Dakika akasema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa.

Mwalimu hakuwa mtu wa kuachia hesabu mbovu ipite. Aliandika barua makao makuu, kurasa nne, na mchoro. Wiki mbili baadaye akaja Meneja mpya, dada mmoja mdogo wa umri, nadhifu, anayetembea kama ana mahali pengine pa kwenda. Siku hiyo nilikuwa pale na chakula, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu.

"Mzee wangu," akasema, "kompyuta ya makao makuu inasema dakika arobaini na tano. Kwenda na kurudi."

"Kompyuta imewahi kukaa hapa?" Dakika akauliza.

"Haijakaa."

"Mimi nimekaa miaka kumi na tisa."

Meneja akatazama ubao, akamtazama yeye, na nadhani alimpenda kidogo, maana hakucheka. "Haya. Wewe umewahi kupanda hiyo ndege?"

Hapo ndipo siri ya kwanza ya nyumba yetu ilipotoka. Mume wangu alikuwa hajawahi kupanda ndege. Anaogopa hata ngazi. Dada yake anaishi mji huo wa pili, na sisi tukienda kumwona tunapanda basi kwa saa tisa nzima, magoti mdomoni, huku ndege anayoiandikia yeye mwenyewe ikitupita juu.

"Alhamisi utapanda," Meneja akasema. "Wewe na saa yako, na mimi na yangu. Ikitoka arobaini kwenda na hamsini kurudi, ubao unabaki na nitakuomba radhi mbele ya abiria wote. Isipotoka hivyo, ubao unashuka, na wewe unahamia stoo ya mizigo. Siwezi kuweka mezani mtu anayewapa watu taarifa za uongo. Unakubali?"

Stoo haina dirisha. Haina simu. Nilimwona Dakika anaitazama ile simu nyeusi jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayekwenda shule ya bweni.

"Nakubali," akasema. "Ila nakuja na mke wangu. Anaogopa nikisafiri peke yangu."

Eti mimi ndiye ninayeogopa!

Jumatano mchana nilikuwa nampigia pasi shati la safari. Nilimwonea huruma, ila nilikuwa na imani naye. Nilikuwa najisemea moyoni, ataumbuka huyo Meneja, mume wangu anatazama saa ndege ikitoka hapa, na Mama Imefika anatazama saa ndege ikifika kule, ni watu wawili, hawawezi kukosea wote. Halafu pasi ikanisimama mkononi. Anatazama saa hapa. Anatazama saa ipi?

Nikaigeukia saa ya baba mkwe. Ikakohoa.

Nikajumlisha kwa vidole, nikajumlisha tena kwa vijiti vya kiberiti juu ya meza. Ndege inatoka saa mbili kamili, saa yetu inasema na dakika tano. Dakika tano za kwenda tumeshazipunguza kabla haijapaa. Ndege inarudi, saa yetu inaongeza tano nyingine. Kilima ni mimi. Miaka kumi na tisa mji mzima unapandishwa na kuteremshwa kilima ambacho ni mimi na stuli yangu! Harufu ikanishtua. Shati la safari lilikuwa na alama ya pasi mgongoni.

Nilitaka kumwambia. Nakuapieni nilitaka. Nilipoanza, akanikatiza, kwa sababu alikuwa anafanya mazoezi ya jinsi atakavyoipokea ile radhi ya Meneja. "Nitamwambia, mwanangu, sote tunajifunza. Au useme nianze na kukohoa?" Nilipoanza mara ya pili, nilimkuta amesimama mbele ya saa ya baba yake, anaifuta kioo kwa leso iliyopigwa pasi, anaiambia kwa sauti ya chini, "Kesho, mzee, tusiaibishane." Nani angeendelea hapo? Nikaenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo sikuvihitaji, nikalia kwa kisingizio.

Alhamisi rubani alifika saa moja na nusu kamili. "Umechelewa dakika tano," Dakika akamwambia, huku meno yanagongana. Alipanda ngazi zile nne kwa kuzikumbatia. Akafunga mkanda wa kwake, akataka na wa kwangu aufungie juu yake. Meneja alikaa mbele yetu na daftari.

Tulipoondoka ardhini alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniingia. Macho ameyafumba, lakini saa ameiweka usoni, kwa hiyo kila baada ya muda alifumbua jicho moja, akaitazama, akatangaza. "Kumi." Abiria wakageuka. "Ishirini." Kufika ishirini na tano, hofu ilianza kumtoka na raha kuingia. Alichungulia chini. Akaniambia, "Mama watoto, ule si mto? Mbona hukuniambia kuna mto?" Nilisema sijui mto gani. Nilikuwa nasali.

"Arobaini!" akasema kwa sauti, akajikunjua kitini, akajiweka sawa kola. "Tunafika."

Chini kulikuwa na msitu. Msitu mtupu, hata kibanda hakuna.

"Arobaini na moja," akasema.

Meneja aliandika kitu. Fundi viatu, aliyekuwa nyuma yetu, akasema, "Mbona leo mteremko umegoma?"

"Rubani anatembea," Dakika akanong'ona. "Wananifanyia makusudi. Arobaini na tatu." Jasho lilimshuka shingoni likaingia penye alama ya pasi. Magurudumu yaligusa ardhi saa yake ikisema dakika arobaini na tano kamili, na Meneja akageuka kututazama bila kusema neno. Angesema ingekuwa nafuu.

Chumba cha kiwanja kile kingine kilikuwa kama chetu, mabenchi sita, mizani, simu nyeusi. Nyuma ya meza alisimama mama mmoja mfupi, mnene, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alipomsikia Dakika akisalimia, akapiga makofi.

"Imetoka!" akasema kwa furaha. "Ni wewe! Hiyo sauti ningeijua hata kaburini. Kaka yangu, nilidhani wewe ni mrefu."

"Dada Imefika," Dakika akasema, na kwa kweli machozi yalimlenga. Kisha akainua macho ukutani juu ya kichwa chake. "Dada, saa yako inachelewa."

"Yangu?"

"Kwa dakika tano."

"Kaka, hiyo yako inakimbia."

Hapo ndipo kila mtu alipotoa simu. Meneja akatoa, rubani akatoa, fundi viatu akatoa, mfagiaji akaja na yake kutoka nje. Zote zilisema kama saa ya Mama Imefika. Dakika alizunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine, anachungulia, anatafuta hata moja iliyo upande wake. Aliporudi katikati ya chumba, alikuwa mdogo kuliko nilivyowahi kumwona.

"Saa hii," akasema, akainua mkono, "nimeirekebisha leo asubuhi kwa saa ya marehemu baba. Baba yangu alikuwa mtu mkweli. Sasa mnataka nisemeje? Niseme baba yangu aliniachia uongo?"

Kupoteza kazi na ubao ningevumilia, tungekula tulichonacho. Lakini sikuweza kumwacha mume wangu, mbele ya watu asiowajua, amuuze baba yake kwa kosa langu.

"Ni mimi," nikasema.

Nikawaeleza. Soksi, barua za onyo, stuli, mshale. Nilisema haraka huku natazama mizani. Nilipomaliza, sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya Mama Imefika. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya mizani, na mshale wa mizani ukaruka hadi themanini na sita ukabaki unatetemeka pamoja naye. Rubani alisema, "Miaka sita nimeomba samahani," akatoka nje kuegemea ndege. Fundi viatu akauliza, "Sasa mgongo wangu unaumwa na nini?"

Dakika hakucheka. Alinitazama tu, na sikuweza kusoma kitu usoni pake, mimi ninayemsoma kama gazeti.

"Mzee," Meneja akaanza, na alikuwa amefunga daftari, "tulikubaliana..."

Simu ya mezani ikalia. Mama Imefika alijaribu kuinuka kutoka kwenye mizani, akashindwa kwa kicheko. Ikaita mara ya pili. Na mume wangu, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akanyoosha mkono, akakohoa, akaipokea.

"Kiwanja cha ndege, karani wa taarifa anazungumza."

Tulimsikia mtu wa upande wa pili akiuliza, kwa sauti ya mbali, lile lile swali.

"Umbali ni kilomita mia mbili na sitini," Dakika akasema. Alikuwa na ubao wake mzima mdomoni na hakuna ambaye angemzuia kuusema. "Muda wa ndege ni dakika arobaini na tano. Kwenda, na kurudi... Nini? Ndiyo, ubao wa kwetu unasema vingine. Ubao umekosea. Ndiyo, nina uhakika, mama. Nimesafiri mwenyewe." Akasikiliza tena. "Karibu sana. Ukifika nusu ya njia, chungulia chini. Kuna mto."

Akaweka simu polepole, akaifuta kwa leso.

Meneja alitazama dari kwa muda. "Stoo ina mtu tayari," akasema mwishowe, na sote tulijua haina. "Ila huo ubao utaurekebisha kesho asubuhi."

"Saa ngapi?" Dakika akauliza.

"Saa moja. Ya simu."

Safari ya kurudi alinishika mkono ndege ilipokuwa inapaa, kisha akauachia. Hakutangaza dakika hata moja. Mimi nilizihesabu, zote arobaini na tano, na kama mtaniuliza, kurudi ni mbali zaidi kweli.

Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya saa ya baba yake bila kuunganisha visigino. "Irudishe," akasema. Nikapanda stuli, nikaurudisha mshale. Akachukua kalamu na nyuma ya bahasha akaanza kupiga hesabu, ulimi nje, kama mtoto wa shule. Nilikaa pembeni nikisubiri hukumu yangu.

"Siku ishirini na nne," akasema.

"Za nini?"

"Dakika tano kila siku, miaka kumi na tisa. Umenitoa kitandani mapema siku ishirini na nne na kidogo. Mama watoto, huo ni mwezi wa likizo! Nataka usingizi wangu."

"Na mimi niliamka nawe," nikamwambia. "Nani alikupikia chai? Mimi pia nilipoteza ishirini na nne."

Hilo hakuwa amelifikiria. Akaiangalia bahasha, akanitazama, na mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja. Kisha tukacheka, Mungu anajua, mpaka jirani akagonga ukuta.

Tulielewana hivi: kila asubuhi tunajilipa dakika tano. Chai ikiwa tayari, tunakaa mezani wawili, hakuna kufunga viatu, hakuna kutafuta leso. Nimepiga hesabu, tutamaliza baada ya miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza alinisimulia habari za ule mto kana kwamba sikuwepo. Siku ya pili alisimulia tena. Siku ya tatu alifika kazini amechelewa dakika tano, akamkuta rubani amesimama mlangoni na saa mkononi, anamsubiri kwa furaha iliyopitiliza.

Jumapili hiyo alitoka bafuni kabla hajamaliza wimbo. Akachukua stuli mwenyewe, akaiweka chini ya saa ya baba yake, akaishika kwa mikono miwili isiyumbe.

"Panda," akasema. "Tano tu. Sita utakuwa wizi."